Hema ya watu wanane, kipimo cha watu wanne

Leo siandiki juu ya muhogo wala juu ya mbolea. Naandika juu ya hema, ile ya familia, ya kubeba mu motokari na kusimamisha pale mnapofika. Kiangazi kimeingia, barabara ya Kasenga na Kilwa inapitika, na wengi wenu mnapanga safari na watoto. Wawili tayari waliniuliza: "Enjenyeri, tununue ya watu wangapi?"

Jibu langu ni hili: namba ya watu iliyoandikwa ku mufuko wa hema haipimi familia. Inapima miili iliyolala chali, bega kwa bega, bila mufuko wa nguo, bila mtoto wa kunyonyesha, bila mtu wa kuamka usiku. Nilijifunza hivyo mwaka jana, na aliyelipa mafunzo yangu ni mama yangu mzazi, aliyelala usiku mzima ameketi mu motokari.

Tulikuwa watu saba: yaya yangu, bibi yake, watoto wao watatu, mama, na mimi. Tulikuwa tunarudi Pweto kwa harusi. Nyumba ya mjomba ingejaa, na njiani tulitaka kulala usiku mmoja pembeni ya ziwa Mwero ili watoto waone maji. Yaya akaniambia: "Mudogo, weye njo ulisoma, chagua hema." Nikachagua. Ku mufuko kulikuwa kumeandikwa watu 8, na picha ya familia inayocheka: baba, mama na watoto wawili. Watu wanne ku picha, wanane ku maandishi. Ile tofauti ilikuwa mbele ya macho yangu na sikuiona. Muuzaji akasema, "Papa, batu munane banaingia bila shida, hata na mizigo." Nikahesabu: sisi ni saba, kutabaki nafasi ya mtu mmoja. Nikatoa feza.

Jioni ile pembeni ya ziwa, hema ilisimama upesi na vizuri, lazima niseme ukweli. Wavu wa madirisha ulikuwa mzuri, mbu hawakuingia, na ku Mwero hilo si jambo dogo. Shida ilianza tulipoingiza matela. Matela mbili za sentimita 140, moja ya yaya, bibi yake na mtoto mdogo, nyingine ya watoto wawili wakubwa. Matela ya mama ya sentimita 90. Yangu ya sentimita 90 niliipindisha kule miguuni mwao. Yote iliingia. Kwa hesabu ya karatasi nilikuwa nimeshinda.

Mama akasimama ku mlango, akaangalia ndani, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Papa, sasa miye nitapitia wapi usiku?" Matela yake ilikuwa kule mwisho. Kutoka nje ilikuwa lazima apande juu ya watoto, halafu juu ya mwana wake na mkwe wake waliolala, mama mtu mzima, na magoti yake yanauma. Tena ukuta wa hema ulikuwa umeinama juu ya kichwa chake, hakuna mahali pa kusimama na kufunga kitenge. Akasema hana usingizi, akaenda kuketi mu motokari. Shemeji yangu naye hakulala. Mwanamke gani atalala vizuri akijua mama mkwe amemwachia nafasi na kwenda kukaa ku kiti?

Sasa niache hadithi, nichambue kitu chenyewe.

Tuliporudi, nilitandika hema mu lupango na kuipima. Sakafu ni mita 4,2 kwa mita 3, ni kusema mita mraba 12,6. Ukigawanya kwa watu 8, kila mtu anapata mita mraba 1,6 hivi. Ukiwapanga safu moja ku urefu wa mita 4,2, kila mmoja ana sentimita 52 na nusu za upana. Hiyo si kitanda, ni mstari. Na tena kuta zinainama: nilipopima upana pale kichwa cha mtu aliyekaa kinapofika, na si pale chini, kila upande ulikuwa umekula nafasi. Sakafu wanakuuzia yote, lakini unaishi katikati tu.

Sisi wa agronomia tungepaswa kulijua hilo bila kufundishwa. Mahindi ukiyapanda sentimita 75 kwa 25, mmea mmoja kila shimo, hektari moja inapata mimea 53.333. Unaweza kupunguza nafasi ukapanda mingi kuliko pale, hakuna anayekukataza, na ukisimama pembeni ya shamba utaona uzuri wa majani. Lakini mashina yatakuwa membamba, upepo utayalaza, na mabunzi mengi yatakuwa matupu. Hakuna mwalimu wetu aliyetukubalia kuita idadi ya mbegu mavuno. Mwenye kiwanda cha hema anafanya kosa lile lile: anahesabu mbegu anazoweza kuingiza, halafu anaandika ile namba kama vile ni mavuno.

Kuna watu wengine wanaopima hema, na hao hawaanzi na watu, wanaanza na mita. Ni watu wa misaada. Kipimo cha Sphere, kinachofuatwa ku kambi za wakimbizi duniani, kinaomba angalau mita mraba 3,5 za kuishi kwa kila mtu, bila kuhesabu mahali pa kupikia na pa kuogea. Hema ya familia ya HCR ina chumba cha mita mraba 16 na vibaraza viwili vya mita mraba 3,5 kila kimoja, na imepangwa kwa watu watano. Sasa chukueni hema yangu ya mita mraba 12,6, mgawanye kwa 3,5. Inatoka 3,6. Hema ya watu wanane, kwa kipimo cha kambi, ni ya watu watatu na nusu.

Mtu ataniambia: lakini mkimbizi anaishi mule miezi na miaka, sisi tunalala siku mbili. Ni kweli, na sidai mita 3,5 kwa kila mtu anayeenda kuona ziwa. Kwa usiku mbili au tatu, mimi sasa nahesabu mita mraba 2 hadi 2,5 kwa kila anayelala, mtoto wa kunyonyesha ndiye pekee nisiyemhesabu. Kile ninachokataa si udogo wa hema. Nakataa namna ya kuficha udogo. Aandike mita mraba kwa herufi kubwa, na watu kwa herufi ndogo, hatutagombana. Leo ni kinyume: watu wako mbele ya mufuko, mita ziko nyuma, chini, mara nyingine hazipo kabisa.

Kitu cha pili ninachochambua ni ramani ya ndani. Hema nyingi kubwa ni chumba kimoja. Ile picha ya mufuko, baba, mama na watoto wawili, inaweza kulala chumba kimoja. Familia yetu haiko vile. Kwetu kuna mama mkwe, kuna shemeji, kuna mpwa wa kike wa miaka kumi na sita. Heshima ya ukwe haiachi mwanamke alale chumba kimoja na mama wa bwana yake. Kwa hiyo pazia la kugawanya si mapambo, na hata pazia halitoshi kama mlango ni mmoja. Hema inayotufaa ni ile yenye vyumba viwili vinavyotazamana, kimoja kila mwisho, na ukumbi katikati wenye milango yake. Mama anatoka usiku bila kumkanyaga mtu, na kila mtu anafunga zipu yake. Ku hema za Quechua namba zinasaidia kidogo hapo: ya kwanza ni watu, ya pili ni vyumba. Kwa hivyo 4.1 ni watu wanne chumba kimoja, 4.2 ni watu wanne vyumba viwili, 6.3 ni watu sita vyumba vitatu. Ile namba ya pili njo ya kuangalia kwanza kama unasafiri na wakwe. Namba ya kwanza uitilie mashaka kama nyingine zote.

Kitu cha tatu ni maji, na hapa nimesikia makosa hata mudomoni mwa watu wa licence. Ku lebo wanaandika 1500 mm, 2000 mm, 3000 mm. Rafiki mmoja aliniambia akiwa na furaha: "Mvua ya Lubumbashi ni kama milimita 1.200 mwaka muzima, hii hema ni 3000, basi inapita miaka miwili!" Nilicheka, lakini nilimwelewa, maana ni milimita zile zile tunazosoma ku kipima mvua. Hapana, ndugu yangu. Zile za hema si mvua inayoanguka. Ni urefu wa maji yaliyosimama juu ya kitambaa kabla hayajaanza kupenya, ni kusema ni kipimo cha mgandamizo. Ndiyo maana sakafu inahitaji namba kubwa kuliko paa: goti la mtu mzima linasukuma kitambaa ku udongo wenye maji kwa nguvu kuliko tone la mvua. Na namba nzuri ya kitambaa haisaidii kitu kama mishono haikufunikwa kwa utepe. Pindua hema ndani nje, angalia mishono ya paa. Hapo njo mvua inaingilia.

Lakini kwetu wengi tunasafiri kiangazi, mvua haipo. Maji yatakayokulowesha ni yako mwenyewe. Watu saba wanapumua usiku mzima, nje kuna baridi ya Juni, kitambaa kinapoa, na ile hewa yenye unyevu ikikigusa inageuka umande. Ni umande ule ule tunaoufundisha wakulima. Hema yangu ilikuwa na ukuta mmoja tu, na koti la juu lilifunika kilele peke yake. Saa kumi ya usiku ukuta ulikuwa unatoa matone, na mtoto aliyelala pembeni aliamka nguo zimelowa. Bibi ya yaya alifikiri amekojoa, akamgombeza bure. Chagua hema ya ngozi mbili, ya ndani inayopumua na ya nje inayofika karibu na udongo, yenye matundu ya hewa juu na chini. Na usiyafunge juu ya baridi.

Hapa naomba msome polepole. Ule usiku, juu ya baridi na mtoto, shemeji alitaka kuingiza mbabula ndani, makala yaliyobakia ya kupikia samaki, yameshakuwa mekundu, hayana moshi. Mimi mwenye licence nilikuwa namsaidia kutafuta mahali pa kuiweka. Mama akafungua mlango wa motokari na kupaza sauti: "Hapana! Mbabula inabakia inje!" Tukaiacha nje. Makala yasiyotoa moshi yanatoa hewa ya monoksidi ya kaboni, haina harufu, haionekani, na ndani ya nyumba ya kitambaa iliyofungwa na sakafu iliyoshonwa inaua watu wakiwa wanalala. Ku mufuko wa hema onyo hilo lilikuwepo, kwa herufi ndogo kuliko zote. Kama mama asingekuwa macho mu motokari, sijui leo ningekuwa naandika nini.

Yanayobakia nitayasema kwa ufupi. Vigingi vinavyokuja na hema ni waya tu. Udongo wetu wa kiangazi ni mgumu kama tofali, vinapinda ku pigo la pili. Nenda kwa fundi sudere, akukatie feri ya betoni ya milimita 8, vipande vya sentimita 30, akupindie kichwa. Fermetire, ile wengine wanaita zipu, ndiyo ya kwanza kufa juu ya vumbi. Ifungue na kuifunga mara kumi mbele ya muuzaji, kama inakwama mara moja dukani, ku Kilwa itakwama kabisa. Nguzo za nyuzi za kioo ni nyepesi lakini zikipasuka huwezi kuzishona. Uliza kama kuna za kubadilisha. Na urefu: mtu mzima asimame wima katikati bila kuinama. Hilo si anasa. Mama zetu hawawezi kuvaa wakiwa wamepiga magoti.

Haki inaomba niseme pia upande mwingine. Hema kubwa si dawa ya yote. Inakamata upepo kama tanga, inaomba uwanja tambarare ambao pembeni ya barabara haupatikani kila mara, na inakula nafasi mu motokari ambayo tayari imebeba watu saba na kuku wa harusi. Kwa familia nyingi, hema mbili za kati na bashi moja iliyofungwa katikati kama kibaraza ni bora kuliko jumba moja. Mama na wajukuu upande huu, wenye nyumba upande ule, na chini ya bashi mnakula na kuongea. Ikipasuka moja, hamtalala wote nje.

Nimefika mahali penye kuniuma. Mwaka wa 2000, vita vilipofika Pweto, watu wengi walivuka kwenda Zambia. Mama alivuka, mimi nikiwa mtoto wa miaka mitatu mgongoni. Tuliishi ku kambi ya Kala, upande wa Kawambwa. Mama ameishi chini ya bashi muda mrefu kuliko muda niliosomea licence yangu. Anajua mlango uangalie wapi ili upepo usiingie, anajua mfereji uchimbwe wapi, anajua makala hayalali na watu. Mu nyumba yetu kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua hema, na ni yule mmoja hakuna aliyemuuliza. Yaya aliniuliza mimi juu nilisoma. Mimi nikauliza mufuko.

Asubuhi ile pembeni ya Mwero nilimwomba msamaha. Akasema hana neno, kwamba mu motokari aliona jua likitoka ku maji kabla yetu wote. Halafu, tukiwa tunakunja hema, akaniambia: "Kule Kala, walipotupa nafasi, walipima na kamba. Mbele yetu. Hakuna aliyetuambia, ingieni, mutaenea."

Mwaka huu tunarudi tena Pweto, na hema ya zamani tumempa mjomba, anaanikia samaki mule, wavu wake unazuia nzi vizuri sana. Juma lililopita tulikwenda kutafuta nyingine, na mama alikuwa mbele. Hakutaka kuona mufuko. Alimwambia kijana wa duka asimamishe hema pale uwanjani, mbele ya watu. Akavua viatu, akaingia na mukeka wake, akalala, akageuka kulia, akageuka kushoto, akasimama wima, akafunga kitenge, akatoka kwa mlango wa nyuma. Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Kijana akasema kwa heshima, "Mama, hii ni ya batu sita."

Mama akamjibu, "Ni ya batatu na mutoto. Tupatie mbili."